Farasi, Ng'ombe na Mgonjwa wa Akili

Msomaji, kazi ya mhakiki ni kazi ya mwenye mizani. Wako wadhanio kuwa kuhakiki ni kulaumu, na wako wadhanio kuwa ni kusifu. Lakini mizani haisifu wala hailaumu, hupima. Kitabu hupimwa, shairi hupimwa, na wazo nalo hupimwa. Katika insha hii nataka tupime pamoja wazo moja lililoenea sana katika nchi za Ulaya na Marekani, nalo ni kwamba mtu mzima mwenye ugonjwa wa akili aweza kupata nafuu kwa kukaa na farasi. Tena nataka tulipime katika vilima vya Kisii na Nyamira, mahali ambapo mtoto aweza kukua, akaoa, akazeeka, bila kumgusa farasi hata siku moja. Wazo lisiloweza kupanda kilima na kubisha hodi katika nyumba ya msomaji lina faida ndogo kwake.

Kwanza na tulieleze wazo lenyewe kwa haki, kwa kuwa ni aibu kukikosoa kitu kabla ya kukieleza. Mgonjwa, ambaye labda ana huzuni nzito isiyomwachia usingizi, au ana hofu iliyobaki moyoni baada ya vita, hupelekwa uwanjani alipo farasi. Hapelekwi peke yake. Yuko mtaalamu wa magonjwa ya akili, na yuko mtu ajuaye farasi. Mara nyingi mgonjwa hapandi. Humkaribia mnyama polepole, humsugua manyoya kwa brashi, humvisha hatamu, kisha humwongoza kutoka mahali hapa mpaka pale. Baadaye mtaalamu humwuliza aliona nini, alihisi nini, na kwa nini farasi alikubali kumfuata au alikataa.

Wanaoitetea tiba hii hutoa sababu yenye maana. Farasi ni mnyama ambaye tangu asili yake huwindwa na wanyama wakali. Usalama wake u katika masikio yake, macho yake na miguu yake. Mtu akimjia kwa pupa, mnyama hushtuka. Akimjia kwa utulivu, hutulia. Basi mgonjwa ambaye hakuisikia hofu yake mwenyewe huiona katika masikio ya farasi, na ajifunzapo kumtuliza mnyama hujifunza kujituliza nafsi. Tena farasi hamwulizi mtu jina la ugonjwa wake, wala hamnong'onezi jirani. Kwa mtu aliyezoea kutazamwa kwa kicho au kwa dhihaka, hilo peke yake ni pumziko.

Hayo ni mazuri. Lakini mwenye mizani hatosheki na uzuri wa maneno. Baadhi ya wasifu wa tiba hii husema kwamba farasi ni kioo cha nafsi na kwamba anazijua siri za mgonjwa. Hapa lazima tuwashike mkono. Farasi hajui siri ya mtu. Anajua hatari na usalama. Kusema zaidi ya hapo ni kumvika mnyama joho la mganga. Tena farasi ana kwato nzito, na teke lake laweza kuvunja mfupa. Mwandishi anayekuonyesha macho ya farasi yaliyo laini na kukuficha kwato zake amekuonyesha nusu ya mnyama.

Wazo hili lina mizizi mirefu kuliko wengi wanavyodhani. Katika karne ya 18, huko Uingereza, wagonjwa wa akili walifungwa minyororo na kulazwa juu ya majani makavu. Mwaka 1796, katika mji wa York, mfanyabiashara mmoja aliyeitwa William Tuke alifungua nyumba ya wagonjwa iliyofuata njia nyingine. Mgonjwa alizungumziwa kwa adabu, alipewa kazi ya mikono, na alitazamiwa kujitawala. Mjukuu wake, Samuel Tuke, aliandika habari za nyumba hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1813, na humo alieleza kwamba katika nyua za wagonjwa walifugwa sungura, kuku na ndege wengine, ili kuamsha ndani ya mgonjwa hisia za upole na za kushirikiana na wenzake. Angalia, msomaji, kwamba hapakuwa na farasi katika habari hiyo. Palikuwa na sungura na kuku, vitu ambavyo mtu maskini aweza kuwa navyo. Jambo jipya lililoletwa na watu wa York halikuwa mnyama, bali ni kumwamini mgonjwa kiasi cha kumwachia kiumbe dhaifu mkononi mwake.

Sasa na tuje kwenye ushahidi, maana zama zetu hazikubali tiba kwa sababu ya masimulizi matamu tu. Nitachukua taarifa mbili, nizisome pamoja nawe jinsi isomwavyo kazi ya fasihi, kwa kuuliza kila mara: Huyu anasema nini, na nini hakusema?

Taarifa ya kwanza ilitoka Marekani mwaka 2021, katika Chuo Kikuu cha Columbia. Maaskari wa zamani 63, wenye mshtuko wa vita usiowaacha, walishirikishwa katika vikao vinane pamoja na farasi, kimoja kila juma. Baada ya vikao hivyo dalili za ugonjwa zilipungua. Msomaji mwepesi atapiga makofi na kufunga kitabu. Msomaji makini atauliza: Walilinganishwa na nani? Jibu ni kwamba hawakulinganishwa na kundi lingine. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwa yakini kwamba farasi ndiye aliyewapa nafuu. Pengine ni kukutana na wenzao walioonja uchungu ule ule. Pengine ni kule kutoka nyumbani kila juma na kungojewa na mtu. Taarifa hiyo ni mlango ulioachwa wazi, si nyumba iliyokamilika. Wenye kuifanya walistahili sifa kwa kuufungua mlango. Wenye kuitangaza kana kwamba ni nyumba walistahili karipio.

Taarifa ya pili ilitoka Norway mwaka 2008, ikaandikwa na Bente Berget pamoja na wenzake. Wagonjwa wa akili 90, watu wazima, waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja lilikwenda mashambani mara mbili kila juma, saa tatu kila mara, kwa majuma 12, kufanya kazi na wanyama wa kufugwa. Kundi la pili halikwenda. Na wanyama wenyewe, msomaji, hawakuwa hasa farasi. Wengi wao walikuwa ng'ombe wa maziwa. Miezi sita baada ya kazi ile kwisha, waliokwenda mashambani walionekana kuwa na imani kubwa zaidi kwamba wanaweza kuyakabili mambo yao wenyewe. Lakini ulipopimwa ubora wa maisha yao kwa jumla, hapakuonekana tofauti kati yao na wenzao.

Naipenda taarifa hii kwa sababu ya ukweli wa sehemu yake ya mwisho. Haikusema kwamba ng'ombe ameponya ugonjwa. Ilisema kwamba mtu aliyekuwa akijiona hafai kitu alianza kujiona anafaa kitu, na kwamba hilo halikutosha kuyageuza maisha yake yote. Tena haikumlinganisha ng'ombe na farasi, kwa hiyo haturuhusiwi kusema kwamba huyu anamshinda yule. Ila twaweza kusema neno moja bila hofu: mlango ambao wengi walidhani hufunguliwa na farasi peke yake umeonekana kugongwa na ng'ombe pia.

Hapo ndipo habari yetu inapovuka bahari na kufika Kisii na Nyamira.

Nchi ya Abagusii ni nchi ya mvua nyingi, chai, ndizi na watu wengi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576. Na katika Kisii hukaa zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita moja ya mraba. Mashamba yamegawanywa baba kwa mwana mpaka yamekuwa vipande. Farasi wa Kenya walishika makazi kwingine, kwenye mashamba mapana ya walowezi na kwenye viwanja vya mashindano kama kile cha Ngong, Nairobi. Mnyama huyo hutaka nafasi, chakula kingi na mganga wake, tena huuawa upesi na maradhi ya farasi yaletwayo na vijidudu viumavyo. Mtu awaambiaye watu wa Nyamira wangoje farasi ndipo wagonjwa wao watunzwe, huwaambia kwa maneno mengine kwamba wasiwatunze.

Lakini ng'ombe yuko. Kwa Abagusii ng'ombe hakuwa nyama na maziwa tu. Mahari ilihesabiwa kwa ng'ombe, na kwa ng'ombe hao nyumba mbili zilifungwa pamoja. Zamani vijana wasiooa walikaa katika kambi za ng'ombe ziitwazo ebisarate, wakilinda mali ya ukoo, mpaka utawala wa Waingereza ulipozivunja kambi hizo mwanzoni mwa karne ya 20. Siku hizi malisho ni haba, na ng'ombe wengi hufungiwa zizini, wakaletewa majani ya napier yaliyokatwa. Kazi yao imekuwa ya ratiba: majani asubuhi, maji, kusafisha zizi, kukamua, majani tena jioni. Ratiba hiyo ni kitu cha thamani kwa mtu ambaye ugonjwa umemnyang'anya mpaka wa usiku na mchana. Ng'ombe hangoji mtu amalize huzuni yake. Hulia, na mtu huinuka.

Basi je, tuseme kwamba tiba hii tulikuwa nayo siku zote, na kwamba wageni wametuuzia maji ya mto wetu wenyewe? Hapa, msomaji, nakuomba usimame, kwa kuwa tumefika mahali penye utelezi kuliko pote.

Ni kweli kwamba katika nyumba nyingi za mashambani mgonjwa wa akili hupewa ng'ombe. Hebu fikiri mtu wa miaka thelathini na mitano. Zamani alisoma, pengine kuliko ndugu zake. Ugonjwa ulipomjia, alirudishwa nyumbani, akapewa kamba na panga. Hukata majani alfajiri, hubeba maji adhuhuri, husafisha zizi jioni. Maziwa huuzwa, lakini fedha haioni. Wageni wakija huambiwa akae nyuma ya nyumba. Chakula chake hupakuliwa mwisho. Dawa yake ilikwisha mwezi uliopita, wala hapana aliyekwenda kliniki kuchukua nyingine, kwa maana watu wa nyumba husema: “Huyu ametulia, si mnaona anafanya kazi?” Mtu huyu anakaa na ng'ombe saa nyingi kuliko mgonjwa yeyote wa Norway. Je, anatibiwa?

Hatibiwi. Anatumiwa. Na tofauti kati ya kutibiwa na kutumiwa haionekani katika mikono, kwa sababu mikono hufanya kazi ile ile. Huonekana katika mambo yaliyoizunguka kazi. Nitayataja manne, na haya ndiyo mawe ya mizani yangu.

La kwanza ni hiari. Mgonjwa wa Norway aliulizwa. Mtu mzima hapotezi utu uzima wake kwa kuugua. Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya ya mwaka 1989 ilirekebishwa mwaka 2022, na marekebisho hayo yaliitilia nguvu haki ya mgonjwa kushirikishwa katika matibabu yake. Asiyeulizwa hatibiwi.

La pili ni mwenzi. Katika tiba ya farasi mgonjwa hana mnyama tu. Ana mtu aliye kando yake, amtazamaye na kuzungumza naye. Ukimwondoa mtu huyo, ukambakiza mnyama, umeiondoa tiba na kuubakiza upweke. Ng'ombe hawezi kuwa mahali pa ndugu. Aweza kuwa sababu ya ndugu wawili kusimama zizini pamoja.

La tatu ni dawa na daktari. Wagonjwa wa Norway hawakuacha matibabu yao walipokwenda shambani; shamba liliongezwa juu yake. Hospitali kuu ya rufaa iko mjini Kisii, na si lazima tena kila mgonjwa asafiri mpaka Mathari, Nairobi, ambako hospitali ya wagonjwa wa akili ilianzishwa mwaka 1910. Atakayekuambia kwamba farasi, au ng'ombe, au bustani ya mboga, yatosha bila daktari, mkimbie hata kama anasema kwa sauti tamu.

La nne ni tunda la kazi. Mtu akimlisha ng'ombe, na apewe kikombe cha kwanza cha maziwa. Yakiuzwa, na aione fedha, na ashauriwe itumike vipi. Kazi yenye tunda humwinua mtu; kazi isiyo na tunda humwinamisha, awe mzima au mgonjwa.

Usidhani kwamba ninasema mambo ya ndoto. Afrika ya Mashariki imejaribu njia ya kazi za shamba kwa muda mrefu. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara nchini Tanzania, Wajerumani walijenga nyumba mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliotolewa utumwani, na baadaye kidogo nyumba hiyo ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, ambapo kazi ya bustani na ya mikono imekuwa sehemu ya matunzo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali ya Tanzania nayo ilianzisha vijiji vya kilimo kwa wagonjwa wa akili. Nia ya vijiji hivyo ilikuwa njema. Lakini kila kijiji cha namna hiyo hukabiliwa na swali lile lile la zizi letu: Je, mgonjwa amepelekwa huko ili apone na arudi, au ili asahauliwe? Mawe manne yale hupima kijiji kama yapimavyo nyumba.

Mhakiki hana budi pia kuwapima walioandika juu ya nchi yetu. Abagusii wanajulikana katika vitabu vya uganga wa dunia kwa ajili ya waganga wao wa jadi waliopasua fuvu la kichwa cha mtu aliyeumwa kichwa baada ya kupigwa. Dakta Edward Margetts, aliyefanya kazi Mathari katika miaka ya 1950, aliandika habari zao, zikachapishwa mwaka 1967. Kisu na fuvu ni mambo ya kustaajabisha, na kalamu hupenda ajabu. Lakini ndugu aliyekaa na nduguye mgonjwa miaka ishirini, akamwamsha, akamwosha, akamwita kwa jina lake, hana kisu cha kuonyesha, naye hakuandikwa. Hilo ni kosa la kalamu, na kalamu za sasa zaweza kulisahihisha.

Sisi nasi tuna kosa letu. Katika hadithi zetu na katika michezo ya kuigiza shuleni, mwendawazimu huingizwa jukwaani ili watu wacheke. Huvaa matambara, husema ovyo, hutoka. Mara chache mwandishi humpa mama, au usingizi, au ng'ombe wa kumlisha. Farasi amesifiwa kwa sababu hamcheki mgonjwa. Ni sifa gani hiyo kwa mnyama, kama si lawama kwa mwanadamu?

Tumefika mwisho wa kupima. Wazo la tiba ya farasi lina uzito, ila si uzito wote linaodaiwa kuwa nao. Ushahidi wake ungali mdogo. Kilicho bora ndani yake si farasi, bali ni kumwachia mgonjwa kiumbe wa kumtunza, huku yeye mwenyewe akitunzwa. Sehemu hiyo haina gharama kubwa, nayo yaweza kukaa katika robo eka ya shamba huko Nyamira sawasawa na katika uwanja wa tajiri.

Nawe, msomaji, utakwenda nyumbani likizo itakapofika. Pengine katika mji wenu, au kwa jirani, yuko mtu wa namna niliyoieleza, na pengine ni mjomba au shangazi yako. Huna farasi wa kumletea, wala hukutakiwa kuwa na farasi. Asubuhi atakapochukua panga kwenda kukata majani, chukua nawe panga la pili. Mwamkie kwa jina la heshima ambalo umri wake unamstahilia. Mwulize ng'ombe huyu anapenda majani yapi, kwa maana hilo analijua kuliko wewe. Kisha, mtakaporudi, uliza taratibu kama dawa ipo.